Lagi, waya na koleo: majibu kwa mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali mengi yaliyofika kutoka Mbeya, Iringa na Njombe safari hii yanahusu koleo la kubania lagi, yaani vichwa vya chuma vyenye mrija vinavyovishwa kwenye ncha ya waya. Koleo hilo mafundi wengi wanaliita krimpa. Yaliyofanana tumeyajibu kwa pamoja.

Nafanya wayaringi za nyumba na fremu za biashara. Dukani nimeoneshwa makoleo mawili: moja jepesi la bati, linachuna waya na kubana lagi humohumo, na jingine zito lenye racheti, yaani meno yanayolizuia lisifunguke mapema, ambalo bei yake ni mara kadhaa. Msimamizi wa mradi mmoja ameandika kwamba vifaa vya kubania "vikidhi viwango". Nikinunua la racheti nitakuwa nimetimiza?
*Fundi, Mwanjelwa, Mbeya*

Bado, fundi, ingawa umeelekea pazuri. Viwango vinapima kiungo kizima: waya, lagi na taya zilizowabana pamoja. Kwa nyaya ndogo kiwango kinachotumika ni IEC 60352-2, cha shirika la kimataifa la viwango vya umeme, ambacho kinaeleza kiungo kilichobanwa kihimili nguvu gani ya kuvutwa na kikaguliwe vipi. Kwa lagi za kebo kubwa za nguvu kuna IEC 61238-1. Humo kiungo kinapashwa moto na kupozwa mara 1,000 ili ionekane kama kinalegea. Hakuna koleo linaloweza kupita vipimo hivyo peke yake. Koleo zuri likipewa lagi isiyo yake, kiungo kinakuwa kibovu vilevile.

Kwa hiyo anza na lagi. Mtengenezaji makini huandika kwenye pakiti ukubwa wa waya kwa milimita za mraba, aina ya waya, urefu wa kuchuna, na koleo au kalibu, yaani dai, inayotakiwa. Koleo linachaguliwa baada ya hapo. Msimamizi akikuuliza, mwoneshe pakiti ya lagi na maandishi yaliyo kwenye taya za koleo, aone vinakubaliana. Hilo ndilo jibu linalosimama.

Lagi zenye kola ya plastiki zina rangi tatu mnazozijua: nyekundu kwa waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, buluu kwa 1.5 hadi 2.5, njano kwa 4 hadi 6. Koleo lake lina vitundu vitatu vya umbo la yai vyenye nukta za rangi hizohizo. Likague kwa karibu: upande mmoja wa kila kitundu ni mwembamba, na upande wa pili umepanuka kidogo. Upande mwembamba unabana mrija wa chuma juu ya nyuzi za shaba. Uliopanuka unashika ganda la waya ili mtikisiko usifike kwenye nyuzi. Ukiingiza lagi kinyume, ganda linapondwa na shaba inabaki imelegea, na kwa nje kazi inaonekana safi kabisa. Kosa hili linapatikana hata mikononi mwa wazoefu.

Lagi tupu zisizo na plastiki hutaka kitundu chenye jino, linalochimba mrija kwa ndani. Zile zenye masikio mawili yaliyo wazi, kama za kwenye magari na pikipiki, hutaka taya zinazoyakunja masikio na kuyazamisha katikati ya nyuzi. Feruli, yaani mirija midogo inayovishwa ncha ya waya wa nyuzi, nazo zina taya zake. Ndiyo maana koleo moja "la kila kitu" halifai kwa kazi ya malipo. Nunua mwili mmoja wenye racheti na taya za kubadilisha, kisha ongeza taya kadiri kazi zinavyokuja.

Racheti ina kazi moja: koleo lisifunguke mpaka taya zimefika mwisho. Mkono uliochoka saa kumi jioni unabana sawasawa na mkono wa asubuhi. Kabla hujalipa, nenda dukani na kipande cha waya wa 2.5 wenye nyuzi na lagi za buluu chache. Bana nusu kisha achia, likifunguka, lirudishe. Lifunge tupu ulielekeze kwenye mwanga. Taya zikutane sawa, zisiache mwanya upande mmoja kuliko mwingine. Bana lagi tatu uzilinganishe, alama ziwe na kina kimoja katikati ya mrija. Likitikisika kwenye egemeo likiwa jipya, miezi michache mbele litakuwa linabana mshazari.

Kuna alama mbili zinazopotosha wanunuzi. CE, alama ya soko la Ulaya, haisemi lolote kuhusu ubora wa kubana. Pembetatu mbili na maandishi 1000 V kwenye mpini ni za IEC 60900. Zinahusu kinga ya mkono dhidi ya umeme, na mpini mwekundu usio na alama hiyo hauna kinga hata hiyo. Lagi zenyewe omba zenye nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, au za mtengenezaji aliyeandika jina na kiwango chake. Lagi bandia huwa na mrija mwembamba, na mara nyingine ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Beba sumaku ndogo mfukoni. Lagi ya shaba haivutwi na sumaku.

Lile jepesi la bati libakize kwa kuchunia waya.

Nina karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, Chunya. Mota ya kilowati 22 imeunguza lagi moja mara mbili, fazi ileile, na kebo ni ya milimita za mraba 16. Fundi anasema tatizo ni mtikisiko. Lagi alizibana kwa nyundo na patasi kwa sababu koleo kubwa hana.
*Mmiliki wa karasha, Chunya*

Mtikisiko unachangia, ndugu yetu, lakini chanzo ni nyundo na patasi.

Mota ya kilowati 22 kwenye volti 400 inavuta takriban ampea 40 ikiwa na mzigo kamili. Joto kwenye kiungo ni mkondo kipeo cha pili mara ukinzani. Kiungo kizuri kikiwa na ukinzani wa milioomu 0.1, ampea 40 zinazalisha wati 0.16, na hutahisi chochote. Kiungo cha nyundo kikifika milioomu 10, joto linakuwa wati 16, zote zimejifungia ndani ya kipande cha chuma kidogo kuliko kidole gumba. Plastiki inalainika, shaba inabadilika rangi, hewa inaingia katikati ya nyuzi na kutengeneza oksaidi, ukinzani unapanda tena. Mota ikizimwa lagi inapoa na kusinyaa, ikiwashwa inapanuka, na kila mzunguko unailegeza zaidi. Kukaza nati hakusaidii hapo, kwa sababu ulegevu uko ndani ya mrija.

Patasi inaponda upande mmoja tu. Nyuzi zilizo chini ya ncha zinakatika, za pembeni zinabaki na nafasi. Koleo la haidroliki lenye kalibu za pembe sita linabana kutoka pande zote mpaka nyuzi zinakosa nafasi na kuwa kama chuma kimoja. Koleo la mkono la aina hiyo lenye kalibu za 10 hadi 120 linamtosha fundi wa mota za machimboni. Likimzidi bei, mkodishie kwa siku hiyo, kuliko karasha kusimama.

Sasa angalia namba. Lagi za shaba zilizotengenezwa kwa kiwango cha Ujerumani DIN 46235 zina namba ya kalibu iliyopigwa juu ya mrija, pamoja na mistari inayoonesha pa kubana. Kebo ya 10 hutumia kalibu namba 6, ya 16 namba 8, ya 25 namba 10, ya 35 namba 12, ya 50 namba 14, ya 70 namba 16. Msichanganye: namba 16 ya kalibu siyo kebo ya 16. Lagi nyingi za madukani ni za mrija mwembamba zaidi na hazifuati DIN hiyo. Hizo zina kalibu zake, na ukizibana kwa kalibu ya DIN zitabaki zimelegea hata kama koleo limefika mwisho.

Kazi yenyewe iende hivi. Zima umeme kwenye swichi kubwa, funga kwa kufuli, hakikisha kwa tesa fazi zote tatu. Kata kebo mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Iliyounguzwa na joto imekuwa laini na nyeusi, haifai kubanwa tena. Pima kina cha mrija, chuna urefu huo na uongeze kama sehemu ya kumi, maana mrija hurefuka ukibanwa. Ganda likatwe bila kugusa nyuzi. Ingiza mpaka shaba ionekane kwenye kitundu cha kuchungulia. Bana la kwanza karibu na kiganja cha lagi, ile sehemu bapa yenye tundu la bolti, kisha rudi kuelekea kwenye kebo, kwa idadi ya mistari iliyochorwa. Kalibu zifungane kabisa kila mara.

Yakitokea mabawa membamba ya chuma pembeni, kalibu ni ndogo au mrija ni mkubwa kuliko unavyotakiwa. Usiyasage kwa tupa ukaendelea. Kata, anza upya. Na nyuzi zisipunguzwe ili kebo iingie kwenye lagi ndogo, wala zisikunjwe mara mbili kujaza lagi kubwa.

Jambo la mwisho kwako: uliza kebo ni ya aina gani. Iwapo ni laini, ya nyuzi nyembamba nyingi, iko daraja la 5 la IEC 60228, na bunda lake ni nene kuliko kebo ngumu ya daraja la 2 yenye ukubwa uleule. Lagi ya DIN 46235 imekusudiwa daraja la 2. Kwa kebo laini tafuta lagi iliyoandikwa kwamba ni ya waya laini. Fundi akiikosa lagi hiyo ndipo nyuzi hukatwa ili ziingie, na fazi moja inaweza kuanza kuungua peke yake kama yako.

Shikamooni. Niko mwaka wa pili VETA. Mwalimu anatudai feruli kwenye kila waya wa nyuzi unaoingia kwenye breka au kontakta. Kazini nilikokwenda kwa mazoezi walikuwa wanapaka risasi kwenye ncha. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba, kijana. Aliye sahihi ni mwalimu wako.

Risasi ni laini. Ikikazwa chini ya skrubu inatiririka pole pole hata bila joto, shinikizo linapungua, skrubu inabaki haijashika. Juu zaidi, pale risasi inapoishia, waya unakuwa mgumu ghafla na huvunjika hapo ukitikiswa. Feruli inakusanya nyuzi bila kasoro hizo. Waya wa uzi mmoja mnene hauhitaji feruli.

Rangi za feruli za mtindo wa Ujerumani ni hizi: 0.5 nyeupe, 0.75 kijivu, 1 nyekundu, 1.5 nyeusi, 2.5 buluu, 4 kijivu, 6 njano, 10 nyekundu, 16 buluu. Usizifananishe na rangi za lagi zilizotajwa juu. Lagi nyekundu inapokea hadi 1.5, feruli nyekundu ndogo ni ya 1 tu. Ipo pia mitindo mingine ya rangi, hivyo soma namba kwenye pakiti kabla ya kuamini jicho.

Feruli ya 2.5 yenye mrija wa milimita 8 hutaka waya uchunwe kama milimita 10, kwa kuwa sehemu ya shaba iko ndani ya kola. Usizisokote nyuzi kupita kiasi. Zinyooshe, zisukume mpaka zitokeze kidogo mbele, bana, kisha ukate zilizozidi. Chini ya skrubu bapa, taya za pembe nne zinatoa umbo linalokaa vizuri. Kwenye tundu la duara, chukua za pembe sita.

Nafunga sola Makete na Ludewa. Viunganishi vya MC4, vile vya kuunga kebo za paneli, navibana kwa praizi, vinashika vizuri na kifuniko kinakazika. Mteja wangu wa shule amekataa kulipa mpaka nilete koleo lake. Ni haki?
*Fundi wa sola, Njombe*

Dada, mteja ana haki, na anakuepusha na moto juu ya paa la shule.

Umeme wa paneli ni wa mkondo mnyoofu. Ule wa gridi hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche yake inapata nafasi ya kuzimika. Wa paneli haupiti sifuri, kwa hiyo cheche ikianza kwenye kiungo kilicholegea inaendelea kuchoma maadamu jua linawaka. Kifuniko unachokisifia kinashika ganda la kebo tu. Hakijui lolote kuhusu shaba iliyo ndani. Ndiyo maana kiungo cha praizi huhisi kimeshika hata kama pini imebana nyuzi nusu.

Koleo la MC4 lina vitundu vya 2.5, 4 na 6 na kishikio kinachoiweka pini isizunguke. Kebo za sola zenye ganda la matabaka mawili zichune milimita 6 hadi 7.5, kwa chunio lenye taya za duara. Kisu hukata nyuzi. Pini ikishabanwa, masikio yake mawili yawe yamekutana na kuingia ndani, nyuzi zionekane mbele na nyuma ya sehemu iliyobanwa, na pini isiwe imepinda. Isukume ndani ya ganda la plastiki mpaka isikike ikilia "ta", kisha ivute nyuma: isitoke.

Usiunganishe kichwa cha kampuni moja na mkia wa kampuni nyingine kwa sababu tu vinaingiliana. Vipimo vya pini na aina ya chuma hutofautiana, na viwango vya ufungaji wa sola vinataka pande zote mbili ziwe za aina moja, kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Ukizingatia mvua na ukungu wa Makete, unyevu utaingia kwanza kwenye viungo vya mchanganyiko huo.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mzee mwenye mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku. Umeme siujui. Nitajuaje kama kijana aliyenifungia kabana lagi sawasawa?
*Mzee wa mashine, Mbarali*

Shikamoo mzee wetu. Mwambie akubanie lagi mbili za mfano kwa koleo lilelile, waya uleule na pakiti ileile. Hizo ni za kuharibu.

Ya kwanza ipimwe kwa uzito. Waya uchunwe mrefu kidogo ili ganda lisisaidie kushika. Lagi ifungwe kwa bolti kwenye boriti, waya ufungwe kwenye dumu. IEC 60352-2 inataka kiungo cha waya wa 1.5 kihimili nyutoni 150, ambazo ni kama kilo 15.5, wa 2.5 nyutoni 230, kama kilo 23.5, wa 4 nyutoni 310, kama kilo 32, wa 6 nyutoni 360, kama kilo 37. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kama kilo 21. Kwa hiyo kwa 1.5 weka lita 15, kwa 2.5 jaza dumu na uongeze kilo 3 za misumari, kwa 4 tumia dumu lililojaa na la pili lenye lita 11, kwa 6 la pili liwe na lita 16. Liachie taratibu bila kulidondosha, mkae kando, lining'inie dakika moja. Waya ukichomoka, koleo au lagi haifai. Waya ukikatika kwa kuwa nyuzi zimekatwa kwenye ukingo wa mrija, koleo limebana kupita kiasi.

Ya pili ikatwe kwa hakso katikati ya alama ya kubana, ipigwe msasa laini, iangaliwe kwa lenzi. Nyuzi ziwe zimepoteza uduara wake na kujaza mrija. Mkiona vitundu vyeusi katikati, hewa bado imo.

Zilizokwisha kufungwa ndani ya boksi zisivutwe wala kuguswa zikiwa na umeme. Mashine ikiwa imezimwa na swichi kubwa imefungwa, fundi abandike kipande kidogo cha tepu nyeusi kwenye kila lagi ya fazi. Mashine ifanye kazi saa moja na mzigo wake wa kawaida, kisha apime joto la tepu kwa kipimajoto cha miale akiwa mbali. Chuma kinachong'aa kinakidanganya kipimo hicho, tepu haikidanganyi. Fazi tatu za mota moja zinapaswa kukaribiana. Moja ikizidi wenzake waziwazi, hiyo ndiyo ya kubanwa upya. Kazi hii aifanye mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kebo ya aluminiamu inaweza kuingia kwenye lagi ya shaba?
*Msomaji, Tukuyu*

Hapana. Aluminiamu hufunikwa na oksaidi isiyopitisha umeme mara tu ikichunwa, na ikigusana na shaba kwenye unyevu wa Rungwe huliwa upesi. Inahitaji lagi yenye mrija wa aluminiamu na kiganja cha shaba. Mrija huo huja umejazwa grisi maalumu, usiifute. Sugua nyuzi kwa brashi ya waya, ziingize papo hapo, bana kwa kalibu iliyoandikwa kwenye lagi. Kebo inayotoka nguzoni hadi kwenye mita waachie TANESCO.

Koleo langu la racheti lina miaka kadhaa. Nitajuaje limechoka, na likikwama katikati nifanyeje?
*Fundi wa kiwanda cha mbao, Mafinga*

Vumbi la mbao likichanganyika na oili hugeuka kuwa uji mzito kwenye meno ya racheti, na racheti huachia kabla ya wakati. Lisafishe kwa brashi kavu kila wiki, tone moja la oili jepesi kwenye egemeo, taya zibaki kavu. Baadhi ya makoleo huja na pini ya kupimia yenye ncha mbili: taya zikiwa zimefungwa, ncha moja ipite na nyingine igome. Zote zikipita, taya zimelika. Kama huna pini, rudia kipimo cha dumu kila unapofungua pakiti ya lagi za mtengenezaji mwingine. Gurudumu dogo la kurekebisha lililo karibu na egemeo usiliguse bila kupima kwa dumu baada yake.

Likikwama nusu njia, usilibane kwenye jiliwa wala kulipiga. Ndani ya mpini kuna kitasa kidogo cha dharura. Kisukume kwa ncha ya bisibisi na taya zitafunguka. Lagi iliyokuwa ndani ikate uitupe, hata kama inaonekana imeshika, chuna waya upya na ubane nyingine.